Takataka za Bustani ya Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi zile Kiboko alipokuwa bado anatamba nchi kavu mchana kutwa, Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, alikuwa na bustani ya maua ya buluu. Hakuwa na mali nyingine. Aliipenda kuliko mama mkwe wake, ingawa hilo halikuwa gumu.

Siku moja, puu! puu! puu! Kiboko huyo mlangoni, na makalio yake yote.

"Wee Pimbi! Mke wangu ameyapenda maua haya. Kuanzia leo bustani ni yangu. Hama!"

Pimbi aliumia, jamani! Lakini afanyeje? Kiboko akikukalia, umekwisha.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Chukua tu. Ila haya ni maua ya msimu mmoja. Jua likiwaka yanakauka na kuchafua uwanja. Bi Kiboko atakubali?"

"Thubutu! Atanitoa roho!"

"Basi nitakuja kufagia, bure. Wewe niachie takataka zote. Lakini useme mbele ya majirani, usije ukaniita mwizi."

Kiboko akacheka, kwa-kwa-kwa! "Majirani, njooni mmwone mjinga! Anataka takataka! Haya, nimempa zote!"

Kiangazi kikaingia. Maua yakanyauka, vikabaki vichwa vikavu, ukivitikisa vinalia cha-cha-cha. Pimbi akaja na ufagio wake. Fya! fya! fya! Hakuacha hata kimoja. Gunia likajaa pomoni.

"Bwana Mkubwa, mgongo wangu huu..."

"Lete hapa, uchafu utoke kwangu!" Kiboko akalibeba mwenyewe mpaka makao mapya ya Pimbi.

Mvua zikanyesha. Kwa Kiboko, matope matupu, na mke amenuna. Kwa Pimbi, buluu mpaka kizingitini!

Kiboko akaja akitweta. "Mwizi! Umeniibia maua!"

"Maua si nilikuachia?" Pimbi akasema. "Mimi nilichukua takataka ulizonipa. Mbegu zilikuwa humo humo. Na aliyenibebea ni nani?"

Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kiboko akatimua mbio, chubwi! akazama mtoni, akabakiza pua. Mpaka leo mchana humwoni.

Basi wanangu, kabla hamjamnyang'anya mtu bustani, jifunzeni kwanza mbegu zinakaa wapi.