Mtani wa Shomari

Wahenga waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha, walimwonya mtu anayejikuna kipele huku akicheka. Mbaraka wa Kisarawe aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila aliona inawahusu wengine.

Mbaraka alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo, jamani, ni watani tangu enzi za misafara. Sahibu yake Shomari, Mzaramo wa kuzaliwa, alikuwa gerezani kwa kumjeruhi jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Zama hizo za Mwingereza, mfungwa mwenye mwenendo mwema aliweza kufunguliwa kabla ya muda wake. Shomari akaomba, akakataliwa. Na mama yake, Bi Biubwa, alikuwa hoi kitandani, dua yake ni moja tu: amwone mwanawe kabla hajafumba macho.

"Twende mahakamani, shemeji," Mbaraka alimwambia Mwanakheri, mke wa Shomari. "Watueleze wamemkatalia nini!"

Yeye ndiye aliyemtafuta wakili, na siku ya kesi alimsindikiza Mwanakheri hadi Dar es Salaam, kifua mbele.

Jaji aliuliza sababu ya ombi kukataliwa. Akasimama karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya; karani huyo alikuwa mtu mgeni katika nchi ile.

"Mheshimiwa, nilitumwa Kisarawe kuulizia habari za mfungwa. Mwenyeji mmoja barazani aliniambia, 'Kaeni naye hukohuko! Mzaramo yule akirudi, wa kwanza kuchinjwa ni mimi!'"

Lahaula! Maneno yale yalikuwa ya Mbaraka mwenyewe. Alikumbuka vikombe vya kahawa, wenzake wakishika mbavu kwa kicheko, na mgeni mmoja ambaye hakucheka hata kidogo.

Aliruka kitini. "Ule ni utani, Bwana Jaji! Yule mtani wangu! Hata akifa leo, mimi ndiye wa kumzika!"

Mkalimani wa jaji alipofika kwenye neno kuzika, jaji alikunja uso. Wakili alihangaika kueleza mila, lakini wapi! Jaji alisema karani alisikia onyo la hatari kutoka kwa mwenyeji, basi sababu ya kukataa ilikuwapo. Kama maneno yalikuwa mchezo, ombi lirudishwe kwa waliolikataa, wachunguze upya.

Mwanakheri alimgeukia, macho yamemtoka. "Mbaraka, ni wewe?" Hakumwita shemeji tena.

Ombi jipya likapelekwa. Kabla halijajibiwa, Bi Biubwa alifariki dunia. Msibani watu walimngoja Mbaraka awachekeshe wafiwa, maana ndiyo kazi ya mtani.

"Sema basi," Mwanakheri alimwambia. "Si ulifanya mzaha mama akiwa hai? Tuchekeshe na leo."

Mbaraka alifungua kinywa, kikamtoka kilio.

Shomari alifunguliwa arobaini ya mama yake ilipokwisha kupita. Mbaraka alimngoja njiani, akiomba Mungu atukanwe kama zamani: aitwe mpagazi, aitwe mla panya, lolote lile! Shomari alimpa mkono taratibu.

"Asalaam aleikum, Bwana Mbaraka," alisema kwa adabu, kisha akapita kwenda kaburini kwa mama yake.

Mbaraka alibaki amesimama, mkono ungali hewani. Kweli, mzaha mzaha hutumbuka usaha.