Sanduku la Erasto

Kiatu cha sandukuni hakijui mguu. Ndivyo Osward alivyomrushia Atuganile asubuhi hii, tulipokuwa tunachambua mbegu za viazi uani kwangu, na Atuganile akanuna. Nikamuuliza Osward methali hiyo kaitoa wapi. Akasema kaisikia kwa watu tu. Kwa watu! Wajukuu zangu, mnakula maneno ya wenyewe bila hata kuuliza jikoni ni wapi. Haya, endeleeni kuchambua, masikio hayashiki viazi. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo, nimesimama golini na glovu za kulimia.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu kule juu Njombe, mahali ambapo ukungu ukishuka refa anaitafuta filimbi iliyo mdomoni mwake. Timu yetu ilikuwa ya kawaida. Golikipa, yaani mimi, alikuwa chini ya kawaida, nakiri. Lakini tulikuwa na Erasto Ngailo. Erasto akipewa mpira katikati ya uwanja, wapishi walikuwa wanaacha sufuria jikoni na kukimbilia dirishani.

Chuo kilikuwa na desturi yake, kuacha kiatu. Mchezaji anayemaliza masomo hucheza fainali ya vyuo, kisha huvua viatu vyake pale pale uwanjani na kumkabidhi wa mwaka wa kwanza. Havioshwi. Lile tope ndilo cheti. Viatu vya Erasto aliachiwa na Yusto Mbilinyi, mshambuliaji aliyemtangulia. Yusto aliviacha akiwa amelala kwenye machela, maana katika fainali yake alivunjika mguu. Naye alikuwa ameshaahidiwa nafasi katika klabu kubwa ya Dar es Salaam. Mguu ulipona umepinda, klabu ikanyamaza, na Yusto akafungua kibanda cha kushona viatu nje ya geti la chuo. Kila siku tulipita pale tukamwona akitembea kwa kuchechemea. Hatukuhitaji kuhadithiwa.

Sasa ikafika zamu ya Erasto. Akaja wakala kutoka Dar, Bwana Shebe, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akamletea mkataba wa kucheza mpira wa kulipwa na viatu vipya vyekundu. Erasto alikuwa mtoto wa mjane aliyelima mashamba ya watu, na nyuma yake kulikuwa na wadogo wanne waliokuwa wanangoja kuona kama dunia ina mlango. Bwana Shebe akamwambia, "Saini ya klabu nimeshaipata, lakini daktari wa klabu atakupima Jumatatu. Fainali yenu ni Jumamosi. Ukiumia, mkataba huu ni karatasi ya kufungia vitumbua. Kaa benchi."

Kwa haki kabisa, yule bwana hakusema uongo. Ningekuwa mimi ningekaa. Lakini mimi hata nisipoambiwa watu walikuwa wanataka nikae.

Erasto akaviweka viatu vyekundu ndani ya sanduku lake la bati, akapiga kufuli. Vile vya zamani akampelekea Yusto avishone ili apewe wa mwaka wa kwanza. Hapo ndipo alipokosea, kwa kuwa kiatu huachwa baada ya fainali, hakiachwi kabla. Yusto alivipokea, akachukua sindano.

Jumamosi ikafika. Wapinzani wetu walikuwa chuo cha bondeni, vijana warefu waliokula mchele tangu utotoni. Gari la Bwana Shebe lilikuwa limeegeshwa kando ya uwanja, tayari kuondoka na Erasto mechi ikiisha. Naye Erasto alikuja na koti, akaliweka sanduku lake kando ya mstari wa uwanja na kulikalia. Hakukaa hata kwenye benchi pamoja na wenzake. Aibu ilimkalisha peke yake.

Kipindi cha kwanza tulifungwa mawili. La pili lilipita katikati ya miguu yangu, na sina cha kujitetea. Wakati wa mapumziko wapishi walituletea viazi vya kuchemsha na chumvi, hakuna aliyekula. Ndipo nikamwona Yusto anachechemea kuvuka uwanja, mfuko wa kitambaa begani, moja kwa moja hadi kwenye sanduku.

"Kamwene, mdogo wangu," alimsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, kaka. Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kukuuliza. Umeukalia mguu wako au umeukalia mguu wangu?"

Erasto aliinamisha kichwa. "Kaka Yusto, nikikuangalia naogopa. Nina mama nyumbani. Nikivunjika kama wewe, wale wadogo zangu watakula nini?"

"Kuogopa ni haki yako. Mimi pia ningeogopa." Yusto akajishusha taratibu na kukaa chini kwenye nyasi, ule mguu uliopinda ameunyoosha mbele. "Lakini kila siku mnapita kibandani mnaniangalia mguu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu goli. Siku ile nilifunga kabla sijavunjika. Chuo kizima kiliimba jina langu. Usiku mguu ukiuma, nalikumbuka lile goli na ninalala. Mguu nimeujutia, Erasto. Kucheza sijajutia hata siku moja."

Bwana Shebe alikuwa amesogea. "Kijana, usidanganyike."

Erasto akainuka. Ufunguo ukakosa tundu mara mbili. Akafungua sanduku, akavaa vile viatu vyekundu, akamwendea mwalimu wa michezo. Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo.

Vifijo havikudumu. Viatu vilikuwa vigumu kama ubao. Mpira ukimgonga unamkimbia, akigeuka anateleza, na baada ya dakika kumi visigino vilikuwa vinatoka damu. Mashabiki wa bondeni wakaanza kucheka, wakimwita Bwana Harusi. Mpira ulipotoka nje karibu na sanduku, Yusto akasimama na kupiga kelele ambayo hata mimi golini niliisikia:

"Vua! Kiatu cha sandukuni hakijui mguu!"

Akafungua mfuko wake na kumrushia vile vya zamani. Alikuwa amevishona upya kote, soli na pembeni, na ndani ametandika kipande cha ngozi laini. Hakuwa amempa mtu yeyote. Erasto akavivaa ameketi juu ya nyasi, akasimama, akakanyaga mara moja, na nikaona mabega yake yanashuka. Alikuwa amerudi nyumbani.

Goli la kwanza alipiga kutoka mbali. La pili aliwapita mabeki watatu, mmoja wao mara mbili kwa kuwa alirudi kumfuata. Zikabaki dakika tano, wakapewa penalti. Nisikilizeni hapa vizuri. Mpigaji alipiga kulia, mimi niliruka kushoto, lakini goti langu lilichelewa kuondoka, mpira ukaligonga na kutoka. Nimedaka penalti moja tu maishani mwangu na nitaisema mpaka nife!

Kona ikapigwa, tukauokoa, mpira ukamfikia Erasto. Alikimbia uwanja mzima. Golikipa wao akajitupa miguuni kwake kwa nguvu, vile vile Yusto alivyovunjwa, na chuo chote kikashika mdomo. Erasto aliruka juu yake, akatua kwa mguu ule ule aliokuwa akiuogopea, akausukuma mpira ndani. Tatu kwa mbili.

Sikumbuki nilifikaje kwake. Nakumbuka wapishi wanapiga masufuria, na Yusto amebebwa mabegani anapigapiga ule mguu wake uliopinda hewani, analia na kucheka. Kelele zilipopungua, Erasto alivua viatu na tope lake na kumkabidhi kijana wa mwaka wa kwanza. Halafu akaenda kwa Bwana Shebe pekupeku.

"Twende," alisema. "Mguu huu hapa, mzima."

Bwana Shebe aliitazama miguu yake yenye tope. Kisha akainama, akalibeba lile sanduku mwenyewe hadi kwenye gari. Vile vyekundu havikurudi ndani yake. Erasto alivivaa na plasta visiginoni, akavivaa njia nzima hadi Dar, akamwingia navyo daktari Jumatatu. Alicheza huko miaka tisa, na mama yake akaacha kulima ya watu.

Basi hadithi imekwisha, na Atuganile bado amenuna. Najua anachowaza. Jumatatu anakwenda kambi ya timu ya taifa ya wasichana, na jana alimwambia mwalimu wake kwamba fainali ya Jumamosi hatacheza, tumbo linamuuma. Sikumwuliza tumbo limeanza lini. Ameweka kiazi chini, amejifuta mikono kwenye kanga, ameingia ndani. Tumesikia kufuli, kisha kifuniko cha sanduku.

"Kiatu cha sandukuni?" Osward alimwitia kutoka uani, akicheka.

"Hakijui mguu," alijibu, akatoka amevaa viatu vyake vipya vya mpira. "Babu, nipe ndoo. Naenda kuteka maji navyo, vianze kunizoea kabla ya Jumamosi."