Kufuli la Neno la Kiingereza

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota meno, kilikuwako kijiji cha Lukwambe, huko mlimani. Asiyetaka kukasirika aondoke sasa, maana mimi kila nikiisimulia hadithi hii hasira hunipanda upya.

Kijiji kile kilikuwa na ghala moja la mbegu. Kila aliyevuna aliweka mbegu yake humo, na mvua zikija akaichukua. Walikuwa na mwiko wao: mlango wa ghala ukivunjwa, mbegu iliyomo haipandwi tena. Italiwa tu. Ukiipanda, wanasema, umewalimia wezi. Msicheke, ndivyo walivyoamini, na nyinyi mna yenu.

Mwaka mmoja mahindi yakaanza kuibwa ghalani. Bwana ghala, jina lake Zefania, akashuka mjini, akarudi na kufuli la herufi. Halina ufunguo kufuli lile. Lina pete sita, kila pete imezungukwa na herufi, ukizipanga zikawa neno lake, linafunguka. Akasimama mkutanoni akasema, "Neno nimelichagua la Kiingereza. Mwizi wa hapa Kiingereza atakitoa wapi?"

Wakampigia makofi. Watu wazima, wenye akili zao, wanashangilia kufungiwa chakula chao kwa lugha wasiyoijua. Na neno lenyewe Zefania hakumwambia mtu, hata mkewe, Naetwe.

Haya. Zefania akapata kiharusi. Ulimi ukafa, mikono ikafa, yakabaki macho. Na mvua za kwanza zikaanguka.

Mbegu ndani, mvua nje. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema, "Atakayelifungua kufuli bila kulivunja, kijiji kitampa shamba la mtoni." Shamba lile lilikuwa la kijiji, udongo mweusi, maji karibu. Wengi walilitamani, lakini Naetwe alilihitaji. Hakuwa na mtoto, na shemeji zake walikuwa wameshaanza kupima mipaka ya shamba la kaka yao angali anapumua. Mume akienda, yeye hana pa kusimamisha jembe.

Mganga wa zahanati alikuwa amemwonya: "Mama, mwache apumzike. Ukimsumbua utampoteza."

Naetwe akakaa kitandani kwa mumewe, akaigeuza sinia, akaandika herufi kwa mkaa, zile alizojifunza kisomoni. Akasema, "Mume wangu, watu watakufa njaa. Nitaonyesha moja moja, popote kidole kitakapoangukia. Nikifika kwenye herufi ya neno lako, fumba macho." Akaonyesha. Kwenye G, Zefania akafumba macho, jasho likamtoka. Akaonyesha tena. Kwenye D, akafumba, pumzi zikawa za shida. Naetwe alikuwa analia, lakini aliendelea kuonyesha. Kwenye N, Zefania akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Wakamzika. Mvua inanyesha.

Kijijini alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa Kiingereza, Mwalimu Yonaza. Tangu Zefania aanguke walikuwa wakimwendea, naye anakunja nne barazani kwake, anasema, "Zefania aliniita mwalimu wa kuimbisha watoto, tena mbele za watu. Kufuli ni lake, alifungue mwenyewe." Huyo ndiye msomi wetu. Kinyongo chake kilikuwa kizito kuliko njaa ya watoto aliowafundisha. Alikubali baada ya mazishi, alipolikumbuka shamba la mtoni.

"Herufi sita," akasema, "na ndani yake ziwemo G, D na N." Akafumba macho, akaanza kutafuta. Na kijana mmoja mchoma mkaa, Mbonea, akasimama mlangoni pa ghala kwenye mvua, akizungusha pete.

Mwalimu akatoa neno la bustani. Mbonea akazungusha, kufuli kimya. Akatoa neno la hatari. Kimya. Neno la dhahabu, kimya. Neno la ardhi, neno la mwisho, neno la kujificha, kimya, kimya, kimya. Mwalimu akasema, "Yamekwisha," akaenda kulala. Wengine nao wakaondoka.

Mbonea hakuondoka. Akazungusha peke yake, akibahatisha, hadi vidole vikachubuka. Kisha akaenda kwa Mwalimu, akabisha hodi, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akamkaba ukosi. "Toa jingine, Mwalimu."

"Hakuna jingine."

"Lipo. Toa."

Mwalimu akatoa la kwanza lililomjia, herufi kwa herufi, ili mradi aachiwe. Mbonea akakimbia, akapanga, kufuli likafunguka.

Mnajua neno lilikuwa nini? Dume la bata bukini. Ndege ambaye Lukwambe hajawahi kutia mguu! Watu walizika, mvua zilipotea bure, kwa ajili ya dume la bata la kwa watu.

Basi mkutano ukaitishwa.

Mwalimu Yonaza akasema, "Neno limetoka kichwani mwangu. Bila mimi mngekuwa mnazungusha pete hadi leo."

Mbonea akasema, "Mwalimu alikuwa amelala. Mikono iliyofungua ni hii."

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Na ndiyo iliyokuwa ikiiba. Tulikuona." Mbonea akainamisha kichwa, akasema, "Niliiba. Mama yangu alikuwa hajala. Lakini nimefungua." Kumbe bila yeye kufuli lisingenunuliwa.

Naetwe akasimama, nguo za msiba mwilini. "Herufi nilizileta mimi. Mnajua nilizilipia nini."

Shemeji yake mkubwa akaruka, "Ulimuua kaka yetu kwa tamaa ya shamba! Uliambiwa umwache apumzike."

"Niliambiwa," Naetwe akasema. "Na mbegu mliyobeba leo, shemeji, imetoka wapi?"

Mwenyekiti akakohoa, akasema watu wakapande kwanza, shauri litaamuliwa baadaye. Wakaenda kupanda, wote, na shemeji zake wakapanda katika shamba la marehemu hadi ukingoni mwa nyumba. Naetwe akabaki kandokando ya shamba la mtoni, mgawo wake wa mbegu kaufunga kwenye khanga, na mbegu imeshalowa, inaanza kuchipua.

Haya, jibuni nyinyi, na jibuni upesi: aliyetoa neno, aliyefungua, au aliyemsumbua mumewe hadi akafa? Je, nani alistahili shamba la mtoni?