Mtoto Aliyezaliwa Kwenye Viti vya Rangi ya Maziwa

Hapo zamani, si zile zamani za mazimwi, ni hizi zetu za juzijuzi tu, lami ilipokuwa imeshapanda milima ya Taita na kila mwenye akiba kidogo akataka gari, palikuwa na mwanamke mmoja Wundanyi jina lake Wakesho. Alikuwa na mimba iliyokomaa, na mumewe alikuwa kazini Mombasa. Mimba haikumsumbua. Waliomsumbua ni wanaume wawili na magari yao.

Wa kwanza alikuwa shemeji yake, Mwadime, mdogo wa mumewe. Mwadime alinunua kigari kifupi, kile ambacho mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo chake, lakini chenye injini ya hasira na gia za mkono. Ukikaa ndani, kiti kinakubana mbavu kama mtu anayekupima suruali. Dashibodi yake ni plastiki ngumu, ukiigonga inajibu "ko ko." Springi zake ni ngumu vilevile, ukikanyaga kijiwe unajua ni kijiwe cha namna gani.

Wa pili alikuwa kaka yake wa tumbo moja, Mwakio. Yeye alinunua saluni, gari refu lenye buti lake nyuma, viti vya ngozi rangi ya maziwa, mbao za kung'aa milangoni, na dashibodi laini ambayo ukiibonyeza kwa kidole inarudi polepole. Mwakio alivifunika viti hivyo kwa nailoni, na juu ya nailoni akatandika taulo, na aliyetaka kupanda alivua viatu kwanza. Mkewe, Mghoi, aliyekuwa na leseni kabla yake, hakuruhusiwa hata kushika usukani.

Kila Jumapili wawili hawa walikutana kwa Wakesho baada ya chakula, na kila Jumapili mambo yalikuwa yaleyale.

Mwadime anasema, "Usukani wangu unazungumza na mimi. Nikiingia kona, gari linaingia na mimi. Lako ni kama kuendesha godoro."

Mwakio anasema, "Lako ni ngoma yenye magurudumu. Mtu akishuka humo anatafuta dawa ya mgongo. Na mkia wake nani aliukata?"

Mwadime anasema, "Afadhali mkia uliokatwa kuliko saluni. Saluni ni mahali pa kusuka nywele."

Kisha wote wawili wanamgeukia mwenye nyumba. "Wakesho, sema wewe. Gari ni lipi hapo?"

Na Wakesho ananyamaza. Mmoja ni ndugu wa mumewe, mwingine ni ndugu yake, na wali wake wote wawili wanaupenda.

Basi Jumapili moja, jua likiwa bado juu, Mwadime akasema mabishano yatoshe. Wakesho apandishwe magari yote mawili, azungushwe njia ileile ya kanisani na kurudi, kisha aamue.

"Mjamzito huyo!" Mghoi akasema.

"Mwendo wa polepole tu, shemeji," Mwadime akaapa.

Wakesho akakubali. Na hapa niwaambie jambo ambalo hakumwambia mtu: alikubali kwa sababu alitamani. Tangu kile kigari kinunuliwe alikuwa anakisikia kikipanda mlima, akitaka kujua kinachowafurahisha watu humo. Akaingia, kiti kikamkumbatia, na Mwadime akaanza polepole kama alivyoapa. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili, Wakesho akasema, "Shemeji, huu ndio mwendo wako?" Mwadime akamtazama. Akashusha gia, injini ikapiga kelele, kigari kikaingia kona inayofuata kikiwa kimeshikilia lami kama mjusi, na Wakesho akacheka. Alicheka mpaka machozi, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye mlango. Na katikati ya kicheko hicho, wakipita kwenye matuta ya kanisani, uchungu ukamshika.

Waliporudi nyumbani hakuna aliyeuliza gari lipi ni bora. Chupa ilikuwa imeshapasuka.

"Apande kwangu!" Mwadime akasema. "Robo saa tuko hospitali ya chini."

"Kwako?" Mwakio akafoka. "Wewe na springi zako ndio mmemfikisha hapa! Apande kwangu, kuna nafasi, kuna hewa."

"Kwako atafika mtoto ameshaanza shule!"

"Kwako atafika ameteguka!"

Walibishana pale uani, mmoja kafungua mlango huku, mwingine kule, na Wakesho amesimama katikati ameshika nguzo ya baraza. Hapo ndipo aliyekuwa akinyamaza kila Jumapili akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa majirani.

"Nyamazeni! Atakayenifikisha nikajifungua salama, mtoto huyu atabeba jina lake! Asiyetaka aende na gari lake!"

Mghoi akamshika wifi yake mkono akamwingiza kwenye saluni, kiti cha nyuma, na viatu vyake. Mwakio akaviona viatu, akafumba macho, akakaa kwenye usukani. Akaingiza ufunguo. Ufunguo ukagonga pembeni. Akajaribu tena. Ukagonga tena.

"Sogea," Mghoi akasema.

"Lakini, Mghoi..."

"Nenda nyuma ukamshike dada yako. Sogea."

Akasogea. Wakashuka mlima, saluni mbele, kigari cha Mwadime nyuma. Pale penye zahanati ndogo njiani Mwakio alisema, "Tusimame hapa," lakini Mghoi alisema, "Jumapili hapana mtu hapa, twende chini," akapita. Na kusema kweli, hakuna aliyeshuka kuangalia.

Wakesho alikuwa amelala ubavu, kaka yake amejibana chini kando ya kiti, kamshika mkono. Gari hili refu, ambalo kwa mikono ya Mwakio huyumba kwenye kona kama jahazi, kwa mikono ya Mghoi lilitulia. Alipunguza mwendo kabla ya kona, akaliacha gari lizunguke taratibu, akaongeza mwendo kona ilipokwisha. Wakesho alihisi uchungu wake mwenyewe tu, barabara hakuihisi. Taulo lilikuwa limeteleza; alibonyeza shavu kwenye nailoni, na nailoni ikamnata kwa jasho.

"Kaka," akasema, "hii inanichoma."

Mwakio akaitazama nailoni ile. Kisha akaishika kwa mikono miwili akaipasua, kuanzia ukingo mmoja mpaka mwingine, akaitupa miguuni pamoja na taulo. Ngozi rangi ya maziwa, ambayo hata yeye hajawahi kuikalia, ikawa baridi na laini chini ya shavu la dada yake.

"Lala, Wakesho," akasema. "Lala tu."

Nusu ya mlima, wakakuta lori la kabichi limelala kiubavu, limeziba barabara nzima. Kabichi zimetapakaa mpaka mtaroni. Dereva wake alikuwa mzima, amekaa juu ya jiwe ameshika kichwa, na vijana wake wa mizigo wakiokota kabichi. Kulikuwa na njia moja tu ya kulikwepa: kijia cha shambani kilichoshuka pembeni, kikafika kati ya mwamba na ukuta wa nyumba ya mtu, kikapinda hapo ghafla kama kiwiko. Mghoi akashuka, akakitazama, akapima kwa macho.

"Hili halipindi pale," akasema. "Ni refu."

"Langu linapinda," Mwadime akasema. "Mhamisheni shemeji."

Wakamshika Wakesho ili wamnyanyue. "Anayenigusa namng'ata!" akasema. "Sitoki kwenye kiti hiki. Mtoto yuko mlangoni. Mleteni muuguzi hapa!"

Walipiga simu hospitali; gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine Voi, lakini muuguzi alikuwepo. Mwadime hakungoja zaidi. Akakiingiza kigari shambani, kikarukaruka juu ya matuta ya mahindi, kikafika kwenye kiwiko. Kikaingia pua, kikazungusha mgongo, na mwamba ukalamba ubavu wake wote, kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma. Sauti yake waliisikia wote. Mwadime hakusimama kutazama. Walimsikia tena chini, kona baada ya kona, injini ikilia, mpaka ikapotea.

Pale juu, vijana wa lori walizunguka gari wakashika leso za Mghoi zilizotandazwa, migongo yao kwa Wakesho. Mghoi alipiga magoti mlangoni. Mwakio alishika mabega ya dada yake akawa anamhesabia pumzi, naye mwenyewe anasahau kupumua.

Kichwa kilikuwa kimeshatokeza waliposikia injini inapanda. Mwadime alisimamisha kigari kikiwa nusu kwenye kabichi, na muuguzi Saru akashuka anayumba, uso umemgeuka rangi kwa zile kona. Lakini mikono yake ilikuwa thabiti. Alitazama mara moja, akamwondoa Mghoi, akaingiza vidole.

"Usisukume, mama. Kitovu kiko shingoni. Usisukume."

Wakesho hakusukuma. Alishika ngozi ya kiti kwa kucha zake. Muuguzi akakilegeza kitovu, akakipitisha juu ya kichwa cha mtoto, akasema, "Haya, sasa." Na mtoto akatoka, wa kiume, wa bluu, kimya.

Hata wale vijana wa leso waligeuka. Muuguzi akamfuta, akamsugua mgongo, akampigapiga nyayo. Kimya. Akamsugua tena. Kisha mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akalia kwa hasira, na Mwakio akalia pamoja naye, na Mwadime akakaa chini palepale juu ya kabichi.

Siku ya kumtoa mtoto nje, nyumba ilijaa. Mwandawiro, baba mtoto, alikuwa amefika kutoka Mombasa. Aliposikia kiapo cha mkewe alicheka akasema, "Mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyeapa, wewe ndiye utakayetaja." Basi wadai wakasimama.

Mwadime akasema, "Mtoto aitwe Mwadime. Kitovu kilikuwa shingoni. Bila muuguzi tungekuwa tunazungumza mengine leo, na muuguzi nani alimleta? Lipi kati ya magari yale lingepinda pale? Ubavu wa gari langu kautazameni hapo nje."

Mwakio akasema, "Mtoto aitwe Mwakio. Wewe ulimletea mtu. Mimi nilimpa mahali. Amezaliwa wapi huyu? Kwenye kiti changu. Doa lile halijatoka na sitaki litoke. Dada yangu alikuwa amelala kama yuko kitandani. Angekuwa kwenye ile ngoma yako, na kitovu kile, ingekuwaje? Isitoshe wewe ndiye uliyemrusha kwenye matuta."

Mghoi akasema, "Mimi sina gari la kuwaonyesha. Mlibishana uani mkamwacha kwenye nguzo. Aliyemwingiza ndani ni mimi. Mwenye kiti alishindwa na ufunguo. Aliyeendesha ni mimi. Ungempa mwingine usukani ule, ulaini wa viti ungesaidia nini kwenye zile kona? Na kwa kuwa ni mvulana, achukue jina la marehemu baba yangu, Kirigha. Hakuna mtoto hata mmoja aliyelibeba."

"Kirigha hakuwepo garini!" Mwakio akasema.

"Mikono iliyokuwepo aliizaa yeye," Mghoi akajibu. "Na ukitaka tuzungumze nani alifumba macho kwa ajili ya viatu, tuzungumze."

"Na zahanati tuliyoipita?" Mwadime akauliza. "Baadaye nimeambiwa mkunga alikuwa ndani, anafua."

Mghoi akainamisha macho kidogo. Lakini hakukaa chini.

Saru muuguzi, aliyekuwa amealikwa, aliulizwa naye. Akasema yeye alikuwa kazini, na kwao wanaoitwa kwa jina lake wameshajaa. Aliongeza tu kwamba hatapanda tena gari la Mwadime, hata akifa.

Watu wakacheka, kisha wote wakamgeukia Wakesho. Alikuwa amempakata mtoto, anamtazama. Alikumbuka kona ile iliyomchekesha, ambayo bado hajaikiri kwa mtu. Alikumbuka ngozi baridi chini ya shavu lake. Aliikumbuka barabara ambayo hakuihisi. Kila alipotaka kutaja jina moja, mengine mawili yalimjia mdomoni.

Mtoto akapiga chafya. Watu wakangoja.

Sasa nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza, wenye magari na msio nayo, msimwache mama wa watu peke yake. Aliyemleta muuguzi kwa kigari kilichopinda pasipopindika, aliyepasua nailoni akatoa kiti alichokipenda kuliko nafsi yake, na aliyeutuliza usukani mwenye gari aliposhindwa: je, mtoto yule aitwe kwa jina la nani?