Maji Yaliyomwelekea Mkamwana

Mtu mmoja wa nyanda za juu, jina lake Ambakisye, alikuwa na wana wawili waliooa, ng'ombe wa maziwa, na bomba la maji uani. Ng'ombe ndiye aliyekuwa fahari ya nyumba ile. Siku moja Ambakisye alikwenda kuzika ng'ambo ya mlima, na aliporudi akamkuta ng'ombe amekufa korongoni. Mlango wa zizi ulikuwa wazi. Kila aliyeulizwa alisema si yeye.

Msiniulize ni nani aliyeuacha wazi. Kila ninaposimulia habari hii mtu huniuliza hilo, na hunikera, maana ndilo swali lililoiponza nyumba ile. Huenda ni mtu, huenda ni upepo. Ambakisye hakutaka kusikia habari ya upepo. Alitaka mtu.

Sasa, mnadani alikuwa amemwona muuza dawa akipitisha kitana cha plastiki kwenye nywele zake, kisha akakisogeza karibu na maji yaliyotiririka membamba. Maji yakapinda, yakakifuata kitana. Muuza dawa akasema maji humjua mwongo, na watu wakapiga makofi. Ninyi mnaweza kuyafanya hayo jikoni kwenu leo. Kitana kikisuguliwa kwenye nywele kavu, au kwenye sweta la sufu, hupata umeme tuli, na umeme huo huvuta maji. Nywele zikiwa mbichi, hakuna kitu. Maji hayamjui mtu, huvutwa tu. Lakini Ambakisye hakuuliza yanavutwa na nini, kwa kuwa jibu alilopewa lilimfaa.

Akaita ukoo. Ulikuwa msimu wa baridi, upepo mkavu, midomo ya watu imepasuka. Akafungua bomba kidogo tu, maji yakashuka membamba kama uzi. Akatangaza kwamba kila mmoja atachana nywele na kukisogeza kitana, na atakayefuatwa na maji ataondoka. Akiwa ni mke, atarudi kwao, na watoto watabaki.

Mwana mkubwa alikuwa safarini tangu mwezi uliopita. Mkewe akatangulia, alikuwa ametoka kuoga, na nywele zake zilikuwa bado zinachuruzika. Maji hayakutikisika. Akafuata Gwamaka, mwana mdogo, akapitisha kitana kwenye kipara chake kilicholowa jasho la hofu. Maji yakashuka wima. Akabaki Tusajigwe, mke wa Gwamaka, mama wa mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Kwa watu wa kule mkamwana hamsemeshi baba mkwe, wala hamtazami usoni. Akiwa na neno, humpa mumewe alipeleke. Tusajigwe akaja amempa mzee mgongo, akakiokota kitana juu ya jiwe, maana hakuruhusiwa kukipokea mkononi mwa mkwe wake. Akavua kofia yake ya sufu. Nywele zilikuwa kavu, na kitana kilipopita zilialika. Akakisogeza. Maji yakaiacha njia yake, yakamjia.

Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Shangazi wa ukoo alikuwa tayari amekwisha kumnyakua mtoto, akarudi naye nyuma ya watu.

Tusajigwe akamnong'oneza mumewe neno la kumpelekea baba. Gwamaka akatazama chini. Akamnong'oneza tena, na Gwamaka hakuinua kichwa. Namwonea aibu mtu yule hadi leo. Ndipo mkewe akageuka, akamtazama mzee usoni mbele ya wote, akasema, "Baba, shika na wewe."

Jambo kama lile lilikuwa halijawahi kusikika katika ukoo ule. Lakini macho yote yalikuwa kwa mzee, na yeye hakuwa na cha kuogopa. Siku aliyokufa ng'ombe alikuwa mazishini, na wengi wa waliosimama pale walikuwa naye. Akatabasamu. Akavua kofia yake, naye pia alivaa ya sufu, akapitisha kitana kwenye mvi zake kavu, akakisogeza. Maji yakamjia kwa nguvu kuliko yalivyomjia mkamwana.

Akarudisha mkono, maji yakanyooka. Akausogeza tena, polepole, na maji yakamfuata tena. Kila mtu alijua kwamba sasa mzee ni mwongo, au maji hayajui lolote, na kwamba mzee si mwongo. Lilikuwa neno jepesi kulisema. Lingemrudishia mama mtoto wake palepale. Ila lingemwacha Ambakisye, mbele ya watu wake, akiwa mtu aliyedanganywa mnadani na muuza dawa.

Ambakisye akafunga bomba. Akasema kwamba mwanamke huyu amemsemesha mkwe wake uso kwa uso, na kwamba hilo peke yake linatosha. Na ukoo, nasema kwa uchungu, ukashusha pumzi, kwa kuwa umepata sababu. Habari ya ng'ombe haikutajwa tena. Kabla ya jua kufika utosini Tusajigwe alikuwa njiani kwenda kwao, kilio cha mtoto kikimfuata mpaka bondeni.

Naona mnaguna, na mnamlaani mzee wa watu. Mna haki. Lakini mimi sikuja hapa kumhukumu Ambakisye. Yeye hayumo humu ndani, ninyi mmo. Basi kila mmoja ajiulize akifika kwake: ishara ilipomwelekea mwenzako uliiita ukweli, je, ilipokuelekea wewe, uliiitaje?