Mgeni wa Kaa na Ukuta wa Wakubwa

Zamani hizo za kale, wanangu, Ndovu na Kifaru walikuwa na nyumba zao kwenye ghuba ndogo, katikati ya majabali mawili. Ufuko wenyewe ulikuwa mfupi, unaumaliza kabla hujamaliza kumenya chungwa. Pembeni, shimoni mwake, aliishi Kaa.

Miaka hiyo bahari ilikuwa inapanda kidogo kidogo. Mwanzoni haikuwa neno. Bahari ikipanda hatua moja, mchanga nao ulisogea nyuma hatua moja. Lakini wakubwa wale walichoka kufagia mchanga uani, wakajenga ukuta wa mawe. Mchanga ukakosa pa kurudi. Wimbi likija, pwaa, kwenye ukuta. Likiondoka, linaondoka na mchanga. Ukabaki ufuko wa upana wa mkeka.

Kaa alikosa raha kabisa. Bibi Kasa alikuwa karibu kuja kutaga, na mwaka uliopita mayai yake yote yalisombwa na maji. Kaa angemsahauje? Ni Kasa aliyemrudisha nyumbani mgongoni siku alipochukuliwa na mkondo, wala hakungoja hata ahsante.

Akaenda kuwaomba wakubwa wabomoe ukuta. Wakamcheka. Kifaru akamwambia aende akachimbe shimo lake huko.

Siku ya pili akarudi, kwaru kwaru kwaru, kajifunga kanga mpya.

"Nina mgeni, wazee wangu," akasema. "Kazunguka bahari zote. Nyumba yake haijabomoka hata siku moja. Na anayemkirimu humwachia wajukuu mia. Ila ni mzito, ukuta hapandi. Sijui nimpitishe kwa nani."

Ndovu akavimba kichwa papo hapo. Mgeni wa namna hiyo, akasema, hupita kwake. Kifaru akauliza tangu lini. Wakaanza kushindana nani atafungua mlango mpana zaidi: huyu anang'oa mawe kwa mkonga, yule anapiga pembe, gudu, gudu. Kufika alasiri, ukuta haupo. Kaa yuko kivulini, anawapa pole ya kazi.

Siku nyingi mawimbi yakasukuma mchanga mpaka uani. Asubuhi moja ya maji makubwa, wakubwa wamesimama na kofia zao, sinia la pilau tayari, akatokea Bibi Kasa, taratibu, anahema.

"Huyu?" Kifaru akafoka. "Kaa, umetuchezea!"

"Nimesema uongo gani, mzee wangu?" Kaa akauliza, miguu minne tayari imo shimoni.

Lakini Kasa alikuwa ameshaugusa ule mchanga mkavu, na machozi yanamtoka.

"Baba zangu," akasema, "nimezunguka kote nikitafuta pa kuwalaza wanangu. Hakuna aliyenivunjia ukuta wake ila ninyi. Ahsanteni. Mungu awazidishie."

Ndovu akautazama mkonga wake uliochubuka. Hajawahi kushukuriwa hivyo maishani. Akamsogezea Kasa sinia, akamwambia achague mahali.

Kifaru alinuna miezi miwili, mpaka watoto wa Kasa walipochomoza mchangani, wakampita miguuni wakielekea majini, kila mmoja na "Shikamoo, babu" yake. Akaitikia marahaba mia, moja moja. Kaa shimoni akamshukuru Mungu.

Basi, wanangu, tumpishe mwenzetu mapema, tusingoje bahari ije kutufundisha kupisha.