Uso Mkavu wa Mzee Shekue

Enzi zake, Mzee Shekue aliwaliza wengi kwa karata tatu pale stendi ya Tanga. Siku moja Nasri, kijana aliyejifunza poka kwenye simu, akaweka mezani saa yake ya dhahabu, akitaka baiskeli ya mzee.

"Babu, mimi sihangaiki na karata. Nasoma uso tu."

"Soma, mjukuu wangu."

Karata zikagawiwa. Mzee akazitazama, uso mkavu.

"Naongeza cherehani ya bibi yako. Nawe ongeza simu, au niachie saa."

Nasri akamkodolea macho weee! Hakuona hata kope ikitikisika. Akabwaga karata.

"Umeshika mzigo, babu. Chukua."

Mzee akaivaa saa, akamsogezea karata zake.

"Hebu nisomee, nilishika nini? Miwani nimeisahau nyumbani."